Wakitaja hitilafu ya umeme, waulizeni kuhusu breka

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako, kama mengine ya nchi hii, huandika mara kwa mara habari za nyumba, maduka na mabweni yaliyoteketea, na nyingi humalizika kwa kauli ya afisa kwamba uchunguzi wa awali unaonyesha chanzo ni hitilafu ya umeme. Hapo mwandishi hufunga daftari lake. Mimi ni fundi wa umeme wa majumbani, na naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze kwa nini taarifa ya namna hiyo haimsaidii msomaji ambaye usiku huohuo atalala katika nyumba yenye nyaya za aina ileile. Hitilafu zinazounguza nyumba zinajulikana na si nyingi. Kila moja ina dalili zake kabla ya moto, na nyingi zina kinga ambayo ama haikufungwa tangu mwanzo, ama ilifungwa kisha ikaondolewa kwa kuwa ilikuwa inasumbua. Habari hiyo ya kinga ndiyo waandishi wako hawaiulizi.

Nalisema hili wakati tunahimizwa kupikia umeme. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na umeme ni sehemu ya nishati hiyo. Sina neno dhidi ya lengo hilo. Moshi wa mkaa na kuni umewatesa mama zetu vya kutosha. Ila nyumba nyingi zinazoingizwa majiko hayo zilitandazwa nyaya kwa hesabu ya taa, televisheni, pasi na pengine friji moja. Msomaji anaweza kujifanyia hesabu mwenyewe: achukue wati zilizoandikwa kwenye kifaa, agawanye kwa volti 230, atapata ampea. Presha kuka ya umeme ya wati 1,000 inakula ampea nne na ushee, birika la wati 2,000 linakaribia tisa, jiko la sahani mbili la wati 3,000 linafika kumi na tatu, na hita ya kuogea ya wati 4,500 peke yake inagonga ishirini. Vikiwashwa pamoja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto wakijiandaa kwenda shule, mzigo huo haufanani hata kidogo na ule aliokuwa nao fundi akilini alipokuwa akitandaza waya.

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni hili. Breka, yaani swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi, ya saketi (njia moja ya waya) ya soketi inashuka kila jioni, mwenye nyumba anakereka, fundi anaitwa. Anafika, anafungua ubao wa breka, anaona breka imeandikwa 20, yaani ampea 20, anaitoa na kufunga ya 32, anapokea chake na kuondoka. Kuanzia siku hiyo breka haishuki tena, na fundi anasifiwa mtaani. Kumbe aliyoiondoa ndiyo ilikuwa inafanya kazi yake, kwa maana breka huwekwa ubaoni ili kulinda waya uliomo ukutani, na ukubwa wake huchaguliwa kwa kuangalia unene wa waya huo, wala si wingi wa vitu ambavyo familia ingependa kuchomeka.

Waya wa milimita mraba 2.5, ukiwa ndani ya bomba ukutani, hubeba ampea ishirini na kidogo bila kuzidi nyuzi joto 70, ambazo ndizo plastiki yake ya kawaida imetengenezwa kuzistahimili. Breka nayo haikati papo hapo namba yake inapozidishwa. Viwango vya kimataifa vinairuhusu breka ya nyumbani ibebe asilimia 13 zaidi ya namba yake kwa saa nzima bila kushuka, na vinailazimisha kukata ndani ya saa moja pale mkondo unapozidi kwa asilimia 45. Kwa breka ya 20 kiwango hicho cha juu ni ampea 29. Kwa ya 32 ni ampea 46. Kwa hiyo, katika nyumba niliyoieleza, waya wa ampea ishirini na kitu unaweza kupitisha zaidi ya arobaini kwa sehemu kubwa ya saa, jioni baada ya jioni, na ubao ukakaa kimya. Plastiki haiwaki siku hiyo. Inakauka, inakakamaa, inapasuka kwenye kona za bomba, na shoti yenyewe huenda ikaja miaka kadhaa baadaye, mpangaji mwingine akiwa ndani na fundi yule akiwa hakumbukwi hata jina.

Wenzangu watanikumbusha kwamba breka ya 32 huwa halali kwenye waya wa 2.5 ikiwa soketi zimefungwa kwa mtindo wa ringi tuliourithi kwa Waingereza, ambapo waya hutoka kwenye breka, huzunguka soketi zote, kisha hurudi kwenye breka ileile, hivyo kila soketi inalishwa kutoka pande mbili. Ni kweli. Lakini ringi hiyo ikikatika mahali pamoja, kwa mfano skrubu ya soketi moja ikalegea au mtu akabomoa ukuta akaunganisha upande mmoja tu, soketi zote zinaendelea kuwaka kama kawaida huku waya mmoja ukibeba mzigo wa mbili. Hakuna dalili yoyote atakayoiona mwenye nyumba. Ringi hupimwa kwa mita, mwisho hadi mwisho, na kusema kweli mafundi wanaofanya kipimo hicho baada ya kumaliza kazi ni wachache.

Tiba halali ya breka inayolemewa ni kuigawa saketi, au kulipatia jiko saketi yake kutoka ubaoni, kwa waya wa milimita mraba 4 au 6 kulingana na mzigo, na breka inayolingana na waya huo. Ni gharama, na kuna ukuta wa kuchimba, na ndiyo sababu watu huchagua breka kubwa. Kwa zile nyumba za zamani zenye fyuzi za kufunga waya, ubaya ni uleule kwa sura nyingine: fyuzi ikikatika, mwenye nyumba anachukua uzi wa shaba kutoka kwenye waya wowote uliotupwa, anaukunja mara tatu na kuufunga. Kuanzia hapo nyumba haina fyuzi.

Mwenye nyumba anaweza kutambua mengi kabla ya kumwita fundi, na bila kufungua kitu chochote, akiangalia tu breka inashuka vipi. Ikishuka baada ya dakika kadhaa au nusu saa za matumizi, na ukiigusa ina joto, huo ni mzigo kuzidi, au skrubu ya breka yenyewe imelegea na inatengeneza joto linaloidanganya. Ikishuka papo hapo kwa mlio mara tu inapopandishwa, kuna shoti. Hapo achomoe kila kitu kwenye saketi hiyo, azime swichi zote, apandishe breka mara moja tu. Ikikaa, arudishe kifaa kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha ndicho kibovu, na mara nyingi huwa ni pasi ambayo waya wake umechakaa shingoni, au hita iliyopasuka koili. Ikishuka hata baada ya kila kitu kuchomolewa, ubovu umo ukutani au darini, na hapo asiipandishe tena hadi fundi afike, kwani kila anapoipandisha juu ya shoti anaunguza migusano ya ndani ya breka na kuipunguzia uwezo wa kukata siku nyingine.

Kuna hali ya tatu inayowapotosha hata mafundi. Breka inashuka pale tu pampu ya kisima au kiyoyozi kinapoanza, kisha ikipandishwa mara ya pili inashika. Mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa muda mfupi sana. Breka iliyoandikwa herufi B kabla ya namba yake hukata papo hapo mkondo ukifika kati ya mara tatu na mara tano ya namba hiyo, wakati ya herufi C husubiri hadi kati ya mara tano na kumi. Dawa hapa, ikiwa mota yenyewe ni nzima, ni breka ya C yenye ampea zilezile. Herufi hiyo imechapishwa usoni mwa breka, nami nimeona watu wakiishi nayo miaka bila kuitazama.

Sasa nije kwenye moto ambao breka haiwezi kuuzuia hata ikiwa sahihi. Kiungo kilicholegea hutengeneza ukinzani mdogo, tuseme nusu ohm, na joto linalozalishwa hapo ni mkondo ukizidishwa kwa wenyewe na kwa ukinzani huo. Ampea 10 zikipita, hizo ni wati 50 za joto katika nafasi isiyozidi ukucha, ndani ya boksi la plastiki, pengine juu ya dari ya mbao yenye vumbi la miaka. Breka inaona ampea 10 tu na kuridhika. Viungo vya namna hii viko kwa wingi katika nyumba zilizoongezwa vyumba: waya wa zamani umemenywa katikati, wa mpya umesokotwa juu yake, tepu nyeusi imezungushwa, kazi imekwisha. Joto la mchana chini ya bati linaulegeza ubandikaji wa tepu, na baada ya misimu miwili mitatu shaba inabaki wazi. Viungo viwe ndani ya boksi lenye mfuniko, kwa konekta ya skrubu au ya kubana, mahali panapofikika. Vinginevyo kinga iliyobaki ni macho na pua za watu wa nyumbani: soketi iliyogeuka rangi ya kahawia pembeni mwa tundu, plagi inayotoka na joto, harufu ya plastiki isiyojulikana inatoka wapi, taa inayopepesa mtu anapowasha pasi chumba cha pili, mlio wa kukwaruza ndani ya swichi. Yeyote anayeona mojawapo ya hayo azime saketi ile usiku huohuo. Soketi iliyoungua hubadilishwa. Haikwanguliwi na kurudishwa, kwa sababu springi za shaba zilizopata moto zimekwisha kupoteza mkazo wake.

Niombe uvumilivu wa msomaji kwa suala la athi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme uliovuja, maana hapa ndipo watu wanakufa bila nyumba kuungua. Katika nyumba nyingi athi ni fimbo iliyopigwa ardhini karibu na ukuta, na mwenye nyumba akishaiona anaamini kwamba amelindwa. Tuchukue fimbo yenye ukinzani wa ohm 50, jambo la kawaida kabisa kwenye udongo wa kichanga, na wakati wa kiangazi hupanda zaidi. Waya wa fezi, ule unaoleta umeme, ndani ya friji ukichubuka na kugusa bodi la chuma, mkondo utakaopita kwenda ardhini ni volti 230 kugawanywa kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya 20 haiwezi hata kuhisi mkondo huo kuwa ni tatizo. Itakaa juu siku nzima, na bodi la friji litabaki na umeme wa kutosha kumuua mtoto aliyetoka kuoga peku. Fimbo ya athi inahitaji mwenzake, breka ya uvujaji ambayo mafundi tunaiita RCD, inayolinganisha mkondo unaokwenda kwa fezi na unaorudi kwa nyutro, na kukata pale tofauti inapofikia kiwango chake. Kwa kuwalinda watu kiwango hicho ni miliampea 30. Zipo za 100 na za 300, zinazouzwa kaunta hiyohiyo na kufanana sura, ambazo zinafaa kupunguza hatari ya moto lakini hazikutengenezwa kumwokoa mtu, kwa hiyo mnunuzi asome namba kabla ya kulipa.

Kuna mambo mawili ya kuongeza kuhusu kifaa hiki. La kwanza, kina kitufe cha herufi T, na kitufe hicho ni cha kubonyezwa mara kwa mara, umeme ukiwepo. Kama kifaa hakishuki kitufe kinapobonyezwa, nyumba haina kinga hiyo hata kama boksi linaonekana zuri. La pili, hakimlindi mtu aliyesimama juu ya kiti cha plastiki akashika fezi kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kwa kuwa mkondo unaokwenda na unaorudi ni sawa. Na breka za uvujaji za kawaida hazihisi mzigo kuzidi. Hazichukui nafasi ya breka za kawaida.

Kinachowafanya watu waiondoe RCD ni kushuka kwake usiku wa mvua. Mara nyingi maji yameingia kwenye taa ya getini, soketi ya nje, au waya wa pampu uliozikwa bila bomba. Zima breka zote ndogo, pandisha RCD, kisha pandisha breka moja moja. Ile inayoiangusha ndiyo yenye uvujaji. Lakini fundi asishangae ikishuka hata breka zote zikiwa chini, kwani breka za njia moja hukata fezi peke yake, na nyutro iliyogusa athi mahali fulani bado imeunganishwa. Hapo hakuna kubahatisha: nyutro zinafunguliwa ubaoni moja moja na kupimwa kwa mega ya volti 500, kifaa kinachopima ukinzani wa plastiki ya waya, na saketi yoyote isiyofikia angalau megohm moja inafuatiliwa hadi ubovu upatikane. Fundi anayekuja bila mega, akiwa na testa ya bisibisi peke yake, hana namna ya kuijua afya ya waya ambao haoni. Ile taa ndogo ya testa huwaka hata kwa umeme wa kuambukizwa na waya wa jirani, na kutowaka kwake hakujawahi kuwa uthibitisho kwamba waya ni salama kushikwa.

Nyutro inaweza kuleta balaa jingine kutoka nje ya nyumba. Ikikatika au kulegea mahali ambapo nyumba zinagawana fezi tatu, au ndani ya jengo lenye fezi tatu, volti hazigawanyiki tena sawasawa: upande wenye mzigo mkubwa unashuka, wenye mzigo mdogo unapanda, na unaweza kukaribia volti 400. Dalili yake ni taa za chumba kimoja kung'aa kupita kiasi wakati za kwingine zinafifia, au feni kuzunguka kwa kasi isiyo ya kawaida. Zima meni swichi mara moja na piga simu ya dharura ya shirika la umeme. Breka ya kawaida haitakuokoa, kwani haipimi volti.

Kuhusu rangi za nyaya, ninawasihi mafundi vijana. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa fezi na nyeusi kwa nyutro. Nyumba mpya zina kahawia na bluu. Katika mtindo wa zamani wa fezi tatu, bluu ilikuwa fezi. Katika mtindo mpya bluu ni nyutro, na nyeusi inaweza kuwa fezi. Jengo lililoongezwa ghorofa linaweza kuwa na mitindo yote miwili ndani ya boksi moja, na anayefuata rangi bila kupima anacheza na maisha ya mtu. Nyaya zenyewe pia zichunguzwe dukani: kwangua ncha kwa kisu, na ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo upitishaji wake wa umeme ni karibu theluthi mbili tu ya ule wa shaba ya unene huohuo, na viungo vyake hulegea upesi zaidi.

Nirudi kwa waandishi wako. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka kazi ya kufunga umeme ifanywe na mtu mwenye leseni, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ndiyo inayotoa leseni hizo kwa madaraja. Kabla ya nyumba kuunganishwa, mkandarasi hugonga muhuri kwenye fomu kuthibitisha kwamba kazi imefanyika ipasavyo. Kila aliye katika ufundi huu anajua kwamba muhuri huo unaweza kupatikana kwa bei bila mwenye muhuri kuiona nyumba, na msomaji aliyejenga karibuni anajua pia. Kwa hiyo, nyumba itakapoungua na afisa wa Zimamoto akataja hitilafu ya umeme, mwandishi amwombe aeleze breka iliyokuwa ikilinda saketi hiyo ilikuwa ya ampea ngapi na waya wake wa unene gani, kama RCD ilikuwepo na ya miliampea ngapi, na nyumba ilipimwa lini mara ya mwisho. Akamuulize EWURA ni kwa nini fomu yenye muhuri isiambatane na karatasi ya vipimo vilivyosainiwa, yaani ukinzani wa fimbo ya athi, matokeo ya mega kwa kila saketi, na muda ambao RCD ilichukua kukata, ili mwenye nyumba abaki na nakala yake na aliyesaini aweze kutafutwa.

Fundi wa umeme wa majumbani,
Morogoro